Kodi ya Mezani

Asubuhi niliyoondoka Voi sikuwa na mpango. Sisemi hivi kwa aibu. Watu wenye mipango niliowafahamu pale mjini walikuwa bado pale pale, wakiieleza mipango yao kwa yeyote aliyekubali kuwanunulia chai. Niliamka, nikakunja blanketi, nikatia mkobani suruali ya pili, chaja na kipande cha sabuni, kisha nikamruka mwenzangu aliyelala kwenye godoro karibu na mlango, mdomo wazi, amekumbatia mto kama mtu anayeogopa kuporwa. Hata usingizini alikuwa analinda.

Mwenzangu huyo alikuwa taniboi. Kwa asiyeijua kazi hiyo, taniboi ni yule anayesafiri na lori bila kuliendesha. Anaweka mawe nyuma ya magurudumu, anafunga turubai, anapika chai chini ya trela, na dereva akienda kulala gesti, yeye hulala juu ya mzigo. Kazi yenyewe hasa ni hiyo, kulala juu ya mzigo usiibiwe. Alikuwa amelala juu ya ngano, mbolea, saruji na mitumba, kutoka Mombasa mpaka Malaba, zaidi ya nusu ya maisha yake, hadi makontena yalipohamia kwenye treni na tajiri wake akauza malori. Dereva alipata kazi ya basi. Taniboi hakupata kitu kwa sababu hakuwa na leseni. Akashuka Voi, akabaki Voi.

Alinikuta kando ya barabara kuu, kwenye sehemu ya kuoshea magari, ambako kila mchana mimi nilishika mpira wa maji. Alikuja kuuliza kama kuna lori linalotaka mtu. Hakukuwa na lori la namna hiyo. Tukaanza kugawana chumba kule mtaa wa Mwakingali, na baadaye tukagawana simu.

Simu ilikuwa yangu. Yake ilikuwa kabambe ya vibonyezo, yenye tochi kali na basi. Kwenye yangu ndimo nilimokuwa nimeigundua poka, kamari ya karata. Mimi niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimejifunza kila kilichonipitia mbele ya macho: kutengeneza redio, kukata mkonge, kusoma ramani, kupiga hesabu ya bahati. Poka nilijifunza kwa kupoteza, halafu kwa video mpaka bando ikaisha. Nikacheza meza za chini kabisa, ambako nusu ya wachezaji wanatazama filamu huku wakicheza, nikaona kwamba pale chini hakuhitajiki akili kubwa. Kunahitajika uvumilivu wa kutupa kadi. Unatupa, unatupa, unatupa tena, kisha ukipata kitu cha maana unaingia, na sikuzote kuna mtu mahali fulani duniani atakayekulipa kwa sababu amechoka kungoja.

Tukapatana. Yeye akaweka mshahara wake wa mwisho wa lori, mimi nikaweka nilichokuwa nimeshinda. Siku akaunti ikifika ada ya shule ya udereva na nauli yangu ya kwenda popote, tunatoa. Yeye apate leseni, mimi nipate barabara. Asubuhi ningecheza mimi. Mchana nikienda kuosha magari, ningemwachia simu acheze yeye.

Kila asubuhi nilipanda kidogo. Kila jioni nilikuta tumeshuka. Sikuelewa, maana taniboi hakuwa mjinga. Mtu aliyevuka vizuizi vyote vya polisi vya barabara ile bila kitambulisho mfukoni hawezi kuitwa mjinga. Kwa hiyo Jumapili moja sikwenda kazini. Nikakaa nyuma yake barazani, mbele ya kibanda cha kuchaji simu, nikamtazama akicheza. Haikuchukua muda nikaona shimo lilipo.

Nieleze, kwa asiyejua. Katika poka, kila mara kabla kadi hazijaonekana, watu wawili wanalazimika kuweka pesa mezani. Mmoja anaweka nusu ya dau la chini, anayemfuata analiweka zima. Zamu inazunguka, kwa hiyo kila mtu atalipa. Kwa Kiingereza pesa hizo zimepewa jina la kipofu, kwa sababu unalipa bila kuona. Wengine wote huangalia kadi zao mbili kwanza ndipo waamue kuingia au kutupa. Sasa wewe uliye kwenye kiti cha kipofu, mtu akipandisha dau, unaulizwa swali moja: utaongeza ufikie dau lake, au utatupa kadi zako na kuiacha ile uliyokwisha kuweka?

Taniboi hakuiita kipofu. Aliiita kodi.

“Kwini na saba,” nikamwambia, nikichungulia begani kwake. “Tupa.”

“Nitupe vipi na nimeshalipa kodi?”

“Kodi gani?”

“Hii hapa. Nimeweka nusu. Nikiongeza kidogo tu naingia.”

“Unaingia wapi?”

“Ndani! Dogo, mtu akishalipa kodi ya nyumba halali nje.”

Waliokuwa barazani wakacheka, wakaona nimeshindwa. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye hakujua kwini ni mnyama gani, akapiga honi kwa furaha. “Mwambie, mzee! Huyu anataka ulale nje na umelipia!”

Nikaiona hoja hiyo ikizunguka baraza zima na kukaribishwa na kila mtu kama mgeni wa heshima. Hakuna aliyeiuliza ilikotoka. Taniboi akaongeza pesa, akaingia na kwini na saba, kadi za mezani, zile za wote, zikafunuliwa, hazikumsaidia, yule aliyekuwa amepandisha dau akapiga tena, taniboi akatupa. Alikuwa amelipia chumba, akakiona, akafukuzwa, na bado akaniangalia kwa uso wa mtu aliyetetea haki yake.

Nilimweleza kwa maneno, kwa michoro mavumbini, kwa vizibo vya soda. Kiti hicho ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu kadi za mezani zikifunuliwa ni wewe wa kusema kwanza, na raundi inayofuata ni wewe tena. Ni kama kwenda kununua mbuzi ukataja bei kabla mwenye mbuzi hajafungua mdomo. Tena wenye mtandao hukata kipande chao kwenye kila lundo la pesa linalogombewa, na pale kwenye meza za chini malundo ni madogo, kipande ni kinono. Unaweza kuwa sawa kabisa na mwenzako kwa kadi na bado nyote wawili mkawa mnamlisha mwenye meza.

Sikumwambia asicheze kamwe kutoka pale. Mtu akishaweka nzima, na aliyepandisha dau amepandisha kidogo, tena yuko kwenye kiti cha mwisho ambako watu hupandisha kwa takataka, basi saba na nane za kopa ni kadi za kuingia nazo. Bei ni nafuu, na zikizaa zinazaa kitu ambacho hakuna anayekitarajia. Lakini mtu aliyeweka nusu, akiwa na kadi za katikati, zile ambazo si nzuri na bado zina sura ya mtu mmoja mkubwa ndani yake, jeki, kwini au kingi, ana njia mbili. Apandishe yeye kwa nguvu, au atupe. Kuongeza tu ili aingie ni kulipa kiingilio cha kwenda kujitazama ukiporwa.

Alisikiliza kwa heshima yote. Akasema, “Nimekuelewa, dogo.” Kisha akapata jeki na tano, akaingia.

Baadaye mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu ya mwalimu. Kulikuwa na kijana wa video, taa ya duara usoni, anayeongea kama mhubiri wa stendi, ambaye sidhani kama amewahi kukaa kwenye meza za watu maskini kama zetu. Kijana huyo akasema mchezaji wa kweli lazima alinde kipofu chake. Alikuwa na maana yake, na masharti yake, na jedwali lake lenye rangi ambalo taniboi hakulitazama. Yeye alisikia neno moja tu.

“Umesikia?” akaniambia, macho yanang'aa. “Kulinda.”

Nilijua hapo kwamba nimeshindwa. Ungempa taniboi neno lingine lolote angelisahau kabla ya jioni. Hili alikuwa amelilalia kwenye saruji ya watu kwa miaka. Mzigo ukishawekwa, hauachwi. Mvua ikinyesha, haushuki. Wezi wakija na mapanga, unapiga kelele lakini haushuki. Sasa kijana wa taa ya duara amemwambia kwamba kazi yake ya zamani imerudi, iko ndani ya simu, na inaitwa ufundi.

“Mzee,” nikamwambia, “hebu nisikilize. Kuna kodi mbili. Kuna ya nyumba na kuna ya serikali. Ya nyumba unalipa ukalala. Ya serikali unalipa ukaenda zako. Umewahi kuona mtu amekatwa kodi kwenye sukari, akaenda kutandika mkeka nje ya ofisi ili aifaidi?”

“Sijaona.”

“Basi hii ya mezani ni ya serikali. Ikishatoka, imetoka. Si yako.”

Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu hivi kwamba nikaanza kuwa na matumaini.

“Ndiyo maana nchi hii haiendelei,” akasema. “Watu wanalipa hawafuatilii.”

Kwa haki nikiri kwamba hakuwa peke yake. Baada ya siku hiyo niliuona ugonjwa ule kila mahali Voi. Niliuona kwenye banda la kuonyeshea mpira, ambako wanaume wazima walikaa mpaka filimbi ya mwisho kutazama timu yao ikitandikwa, wakinung'unika, mbu wakiwala, kwa sababu walikuwa wamelipa mlangoni. Niliuona hotelini, mtu akimaliza matumbo yaliyochacha. Niliuona kwa mwenye nyumba wetu, aliyelipia tanki la maji lililopasuka na bado akalipandisha juu ya paa. Mji mzima ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kipofu, unaongeza.

Alhamisi ya mwisho ilianza vizuri. Asubuhi yangu ilikuwa bora kuliko zote. Nilipata kadi, nilipata watu wa kunilipa, na nilipofunga mchezo akaunti ilikuwa imefika ada ya shule ya udereva na ikabaki nauli yangu juu yake. Nikamwonyesha. Taniboi akaishika simu kwa mikono miwili.

“Mzee, leo usicheze,” nikasema. “Kesho asubuhi tunatoa.”

“Nicheze kidogo tu, nikuongezee nauli. Nataka uende mbali.”

“Usiniongezee.”

“Sawa, dogo. Nenda kazini.”

Nilipaswa kwenda na simu. Lakini kazi yangu ni ya maji, na mfuko wangu ulikuwa na tundu. Niliiacha.

Niliporudi jioni, viatu vinalia maji, nilimkuta barazani ameinama kwenye kioo, na bodaboda wa honi amemwinamia yeye.

“Njoo uone!” akapaza sauti. “Nina kingi!”

“Kingi na nani?”

“Na nne.”

“Uko kiti gani?”

Bodaboda ndiye aliyejibu, kwa fahari. “Kodi!”

Mezani palikuwa pamefunuliwa kingi, tisa na mbili. Mtu aliyepandisha dau tangu mwanzo alikuwa amepiga tena. Taniboi akamfuata. Ikafunuliwa kadi nyingine, sita, isiyomsaidia yeyote. Yule akapiga tena, zaidi. Nikasema, “Mzee, huyu anajua anachofanya.” Akasema, “Nami nina kingi.” Akamfuata. Ikaja ya mwisho, na yule akasukuma pesa zote alizokuwa nazo. Muda wa kuamua ulikuwa unapungua kwenye kioo, ule mstari mdogo wa kijani unaofupika. Ningeweza kumnyang'anya simu. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi hicho. Lakini mtu anapocheza pesa za mshahara wake wa mwisho humnyang'anyi kitu mkononi mbele ya watu.

Akabonyeza. Yule mwingine akafunua kingi na jeki.

“Tumelingana!” akasema bodaboda. “Wote kingi!”

“Hawajalingana,” nikasema. “Kingi wa huyu alikuja na msindikizaji mkubwa, jeki. Wa mzee alikuja na nne.”

Taniboi alifuta kioo kwa shati. “Lakini nililinda,” akasema.

“Ulilinda nini?”

“Ile nusu.”

Nauli yangu ilikuwa imekwenda, na tukikwangua, ada ya shule ilikuwa bado ipo. Hakuna mtu aliyelia. Alinirudishia simu, tukala ugali na sukuma, na alipokuwa anavua viatu akasema kwa upole, kama mtu anayemliwaza mgonjwa, “Kesho nitairudisha.”

Ni neno hilo lililoniondoa Voi. Kupoteza pesa kulinikera tu. Ila nililala nikiliona lile “nitairudisha” likinyooka mbele yangu kama barabara ya Taveta, kesho baada ya kesho, kingi na nne, kwini na saba, mpaka ada iishe na leseni iwe hadithi ya kuwasimulia waosha magari.

Ndiyo sababu asubuhi ile nilikuwa nje na mkoba. Nilitoa akaunti yote. Ujumbe wa pesa ulipoingia nikaanza kutembea, na sikuwa nimeamua jambo lolote mpaka nilipojikuta chini ya kibao cha shule ya udereva, ghorofani, juu ya duka la rangi. Ndani kulikuwa na meza kubwa iliyochorwa mji: barabara, kivuko cha reli, mzunguko, taa za trafiki, na juu yake vigari vya kuchezea vya plastiki. Karani alikuwa anafuta vumbi kwenye kivuko cha reli.

“Ni wewe unayesoma?” akauliza.

“Si mimi. Ni mtu.”

Nikamwandikia jina na nambari ya ile kabambe. Akaniangalia kwa wasiwasi.

“Akikataa? Ujue hapa pesa ikishalipwa hairudishwi.”

“Ndiyo maana nimekuja hapa.”

Nililipa ada nzima. Nikamwomba ampigie simu kabla ya saa sita, amwambie amelipiwa masomo yote, na kwamba pesa hairudishwi. “Hilo la pili,” nikamwambia, “mrudie mara kadhaa.”

Mtu asije akaniita mwema. Nilikuwa nimeishi na falsafa ya taniboi kwa miezi, nimeiona ikila pesa zetu kila mchana, na nilitaka niione angalau mara moja imewekwa mahali inapoweza kufaa kitu. Mtu ambaye hawezi kuacha kilicholipiwa, mlipie kitu cha maana, basi. Na simu niliondoka nayo, hiyo nayo ilikuwa sehemu ya masomo.

Mfukoni nilibaki na ujira wa kuosha magari. Sokoni nilikuta pikapu iliyoleta mboga kutoka milimani inageuza kurudi tupu, makreti yamefungwa nyuma kwa kamba. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi. Akasema Werugha. Sikuwa nimewahi kufika Werugha, kwa hiyo nikapanda.

“Mwenye mboga je?” nikamuuliza, nikiketi mbele mahali ambapo ni wazi palikuwa pa mtu mwingine.

“Mama amebaki. Sukuma imenyauka, hakuna anayenunua leo, nimemwambia turudi. Amekataa.”

“Kwa nini?”

“Ameshakatiwa tiketi ya ushuru wa soko.”

Nilicheka peke yangu mpaka tukapita uwanja wa ndege. Dereva alinipa jicho la pembeni, kisha akafunga mkoba wake wa pesa ndani ya kisanduku cha dashibodi.

Tukapita Mwatate na mkonge wake uliopangwa kama wanafunzi wasioruhusiwa kuzungumza, tukaanza kupanda. Barabara ile inajikunja hivi kwamba kila mara unaiona chini yako ile uliyodhani umemalizana nayo. Wundanyi tulishusha mafuta ya taa na sukari. Baada ya hapo joto liliisha ghafla. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta ya kabichi, na mimi, niliyetoka kwenye vumbi na shati moja jepesi, nikaanza kutetemeka kama mbwa aliyeogeshwa.

Werugha, chumba cha kwanza nilikipata nyuma ya duka. Mama mwenye duka, mnene, mchangamfu, alidai pesa kabla ya kufungua mlango. Nikampa. Palikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha lililotazama ukuta wa kanisa la mabati, karibu hivi kwamba ningeweza kubisha hodi nikiwa nimelala. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeketi kitandani, simu ikalia. Kabambe.

“Wewe mbwa,” akasema taniboi.

“Shikamoo, mzee.”

“Umechukua simu! Umechukua pesa! Nimeenda kwa yule karani kudai, unajua amenijibu nini?”

“Hairudishwi.”

“Hairudishwi! Nimemwambia nitakaa hapa mpaka mrudishe. Akaniambia karibu, somo linaanza.” Akavuta pumzi. “Dogo, nimesukuma kigari cha mtoto juu ya meza saa nzima. Mimi! Mimi niliyefika Malaba!”

“Na umesomaje?”

“Ule upuuzi? Nimefika kwenye mzunguko na kigari changu, mwalimu ananiambia, mpe njia aliye kulia kwako. Nikamwambia, nimpe kwa nini na mimi nimeshafika? Akasema, hata kama umefika. Nikamwambia, nimeshaingiza pua ya gari. Akasema, simama, mwache apite. Watu wote wakanicheka.” Akasonya. “Voi hata mzunguko hakuna.”

“Kesho utakwenda?”

“Nitafanyaje sasa?” Alisema hivyo kwa hasira ya kweli, kama mtu aliyetegwa. “Si umeshalipa!”

Akakata. Nilibaki nimeishika simu, nimeridhika kuliko nilivyostahili, na ndipo ukuta ukazungumza.

“Halo. Halo. Bwana asifiwe. Moja mbili, moja mbili.”

Spika ilikuwa upande wa pili wa bati, usawa wa mto wangu. Kinanda kikapigwa funguo zote kwa pamoja. Nikatoka nikamuuliza mama mwenye duka kuna nini.

“Leo Ijumaa, baba. Ni kesha.”

“Mpaka asubuhi?”

“Ndiyo kesha hilo.” Akacheka. “Utabarikiwa.”

Nilirudi ndani, nikaketi. Nje ukungu ulikuwa umefunga, giza linaingia, sijui mtu yeyote, mfukoni nimebaki na kidogo sana. Nikaanza kujiambia kwamba kinanda huenda kikaharibika. Kwamba mtu akichoka hulala popote. Kwamba shuka ni safi. Niliposikia sauti ndani ya kichwa changu ikisema, na zaidi ya yote hayo, umeshalipa, niliinuka nikachukua mkoba.

“Unaenda wapi?” mama akauliza.

“Natafuta pengine.”

“Na umelipa! Baba, mimi sirudishi pesa.”

“Najua. Baki nayo.”

Alitoka mpaka mlangoni kunitazama. Nilimsikia akimwambia mtu ndani ya duka kwamba watu wa Voi jua limewaharibu vichwa.

Nilipanda njia ya miguu gizani, nikiteleza, mpaka kinanda kikawa kidogo nyuma yangu, nikabisha kwenye nyumba yenye taa. Akafungua bibi mmoja aliyevaa sweta mbili, ndoo ya maziwa mkononi. Nikamwambia natafuta mahali pa kulala. Akanitazama viatu, mkoba, shati.

“Kuna gesti pale chini, kwa mwenye duka.”

“Nimetoka huko, bibi.”

“Pamejaa?”

“Hapana. Nimelipa, halafu nikaondoka.”

“Umelipa,” akasema polepole, “halafu ukaondoka.”

“Ilikuwa kodi.”

“Naam, kodi ya chumba.”

“La, bibi. Ya serikali.”

Akanitazama kama mtu anayepima kama mgeni huyu ni wa kuogopwa au wa kulishwa. Ndani ng'ombe akakoroma. Akaniambia kuna chumba cha kuwekea viazi, kina kitanda, na kama sina pesa ya kutosha asubuhi nitakata majani ya ng'ombe. Nikakubali. Alirudi na ufunguo uliofungwa kwa kitambaa, na blanketi, na alipofika mlangoni akageuka akaniongezea blanketi la pili, akisema, kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, kwamba huko tambarare inaonekana serikali inawatesa watu sana kwa kodi.